Kenge Aliyebaki Kwenye Kaseti

Kurasa zenyewe zilikuwa tatu, na ile ya katikati ilikuwa na doa la mafuta ya chapati lililofunika nusu ya picha ya dude jipya, kwa hiyo mpaka leo sijui kama lilikuwa na mkia. Zilifika Nachingwea zimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la mtani wangu, aliyekuwa utingo wa lori la kusomba korosho. Alizitandaza juu ya meza ya cherehani, akazinyoosha kwa kiganja, akatangaza kwamba gemu mpya inakuja. Nilikuwa wa kwanza kusema ni uongo.

Nimehamahama sana tangu wakati ule. Nimeuza nguo Masasi, nimechoma matofali Tunduru, nimelinda ghala Songea, na sasa nimevuka miaka arobaini bila kukaa mahali zaidi ya misimu mitatu. Kila ninakokwenda nakuta watu wanaonyeshwa picha ya kitu ambacho bado hakijafika. Wao hutazama picha. Mimi hutafuta doa la mafuta.

Gemu ya kwanza ilitufikia kwa njia ya mitumba. Robota moja lilifunguliwa sokoni, limejaa midoli isiyo na vichwa na magari yasiyo na matairi, na ndani yake mlikuwa na vijimashine viwili vya kijivu, vinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, kila kimoja na kaseti yake mgongoni. Muuzaji alidhani ni vikokotoo. Alivibonyeza, akauliza hesabu inapigwa wapi, akakasirika. Kimoja nilikichukua kwa kumwachia viatu vyangu vya mpira. Kingine alikichukua dada mmoja aliyekuwa akijifunza ushonaji kwenye baraza jirani na soko, kwa kumkunjia suruali nne. Kwao kulikuwa Kiegei, lakini mjini alikaa kwa shangazi yake. Tulikuwa rika moja, tumemaliza kidato cha nne mwaka mmoja, shule tofauti, na wote wawili tulikuwa tunasubiri matokeo. Kusubiri huko ndiko kulikotufanya mashabiki. Mtu mwenye shughuli asingeweza kuipenda gemu ile.

Kwa asiyeijua: unatembea katika nchi iliyochorwa, na kwenye majani marefu hutokea madude, yaani wanyama wasiopatikana popote. Unapigana na dude mpaka lichoke, unalirushia mtego, likiingia ni lako. Unalilea. Linakua, linabadilika umbo, linapigana na madude ya wengine. Kaseti ina kumbukumbu ya mtu mmoja tu. Ukitaka kuanza upya, au mwenzako akitaka kuanza, lazima ya zamani yafutike.

Dude langu la kwanza lilikuwa na nundu mgongoni na ulimi mrefu. Nikamwita Kenge. Watu barazani walicheka kwa sababu kwetu kenge ni tusi, lakini alikuwa kenge kweli, na mimi nilikuwa nimewaona kenge wa kweli kwenye mabonde wakiiba mayai. Nilimlea mwaka mmoja na miezi. Betri zikiisha nilizianika juu ya bati, zikashika tena kwa nusu saa, nikamlea kwa nusu saa hiyo. Wenzangu waliokwenda Mtwara na Dar walikuwa wakirudi na habari za kazi na za wachumba. Mimi katika mwaka ule kitu pekee nilichokianza kikakua kilikuwa Kenge. Naandika hivi bila aibu kwa sababu ndicho chanzo cha yote yaliyofuata.

Dada fundi naye alikuwa na lake, dude la miguu mingi, akalipa jina la Cherehani.

Sasa nieleze habari za mtani. Ukoo wao, watu wa Nambilanje, na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Sababu nimeelezwa mara tatu na kila mara ni tofauti. Maana yake ni kwamba anaruhusiwa kunitukana mbele ya wazee, kunyakua kuku wetu kwenye msiba, na kunitangazia kifo nikiwa nimesimama mbele yake, na nikikasirika mwenye kosa ni mimi. Mimi pia ninayo haki hiyo, ila yeye alikuwa na kipaji. Miezi michache kabla ya kurasa zile, alipita barazani, uso mkavu, akaniambia matokeo yamebandikwa shuleni na jina langu liko juu. Nilitoka mbio juani mpaka shuleni. Ubaoni mlikuwa na zamu za kufagia mabweni. Niliporudi, baraza zima lilikuwa linanisubiri limejishika mbavu.

Ndiyo maana alipotandaza kurasa, sikuziangalia kwanza. Nilimwangalia yeye.

"Hii rangi umeipaka mwenyewe," nilimwambia.

"Niipake kwa rangi gani, mtani? Mimi hata shati langu limeishiwa rangi."

Maana kurasa zilikuwa za rangi. Madude mekundu, ya kijani, ya manjano, yamesimama kwenye nchi ya buluu, wakati gemu tuliyoijua ilikuwa ya kijivu na kijani iliyopauka, kama maji ya dimbwi. Alisema alizipata Dar, kwa mama muuza chapati karibu na mahali lori linapopakulia, ni gazeti la wenzetu huko ng'ambo, na gemu yenyewe itatoka kabla ya msimu mwingine wa korosho kuisha.

Vijana wengine watatu wanne, ambao hawakuwa na mashine lakini walikuwa na maoni, walizunguka meza. Mmoja alihesabu vidole vya dude la ukurasa wa kwanza.

"Hili ni lile lile la zamani," akasema. "Limevalishwa pembe."

"Lina vidole vitatu. Lile lina vinne."

"Kimoja wamekifuta. Wanatuzuga."

Mwingine alikwenda kwa fundi saa wa jirani, akaazima lenzi yake. Tukaiweka juu ya picha, na kwa zamu tukainama kutazama. Niliyoyaona yalinifurahisha kuliko ilivyostahili. Picha nzima ilikuwa nukta. Nukta nyekundu, nukta za buluu, hakuna dude.

"Nukta tupu," nilisema. "Picha ya kweli haina nukta. Kanyaboya."

Fundi saa alikuwa amefuata lenzi yake. Alisema picha zote za magazeti ni nukta, hata za rais. Hakuna aliyemsikiliza. Nakumbuka hata nilimtilia shaka yeye, kwamba pengine mtani amemwandaa.

Dada fundi alikuwa amechukua kamusi yake ya shule, akawa anafuata mistari ya kizungu kwa ncha ya sindano, neno kwa neno.

"Inasema gemu itakuwa na saa ndani," akasema hatimaye. "Nje kukikucha, na ndani kunakucha. Jua likizama, na ndani kunakuwa giza. Kuna madude hayatoki mpaka usiku."

"Itajuaje?" nikauliza.

"Itajuaje nini?"

"Itajuaje kwamba Nachingwea kumekucha? Ina dirisha?"

Walicheka, nami nikajiona nimeshinda. Mtani akasema, "Jogoo wa kwa bibi yako hana dirisha na anajua. Ila wewe mwenyewe unaamshwa kwa kumwagiwa maji, kwa hiyo sikulaumu."

"Ngojeni," dada fundi alisema. Alikuwa amefika ukurasa wa tatu. Pale palikuwa na picha ya mashine mbili zimeunganishwa kwa waya, na mshale mdogo kutoka moja kwenda nyingine. Alifungua kamusi mara kadhaa. "Inasema madude ya zamani yanaweza kuhamia kwenye gemu mpya. Unaunganisha waya, lako linatoka huku linaingia kule."

Hilo lilikuwa jambo zito. Kama ni kweli, Kenge angeweza kwenda kwenye nchi ya rangi.

"Na likishatoka huku," nikauliza, "huku kunabaki nini?"

Alisoma tena. "Halibaki. Linahama."

"Basi," nikasema. "Huo ni wizi wenye maelekezo."

Mashabiki waligawanyika kuanzia siku ile. Dada fundi aliamini. Alibandika ukurasa wa tatu ukutani juu ya cherehani, kati ya kalenda na picha za mitindo ya nguo, na wateja wakawa wanauliza kama ni mshono mpya. Wale vijana waliamini asubuhi, jioni wakakataa, kutegemea nani amezungumza mwisho. Mimi nilishika msimamo wangu. Kila lori lilipoingia mtani alikuja na habari nyingine kutoka Dar: kwamba ameonyeshwa kaseti yenyewe, kwamba ni ya rangi ya dhahabu, kwamba duka fulani Kariakoo wanayo lakini wanaificha. Kila habari mpya ilinipa shaka mpya. Kwa nini ya dhahabu? Kwa nini wafiche kitu cha kuuza? Nilikuwa na majibu ya kila kitu, na majibu yote yalikuwa hapana.

Matokeo yakaja. Safari hii ya kweli. Sitayaandika. Msimu wa korosho ulipoanza, bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa peke yake Nandagala, aliagiza nimsaidie kuokota korosho, nami nikaondoka Nachingwea na begi moja, ndani yake nguo mbili na mashine iliyofungwa kwenye soksi. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kuondoka mahali kwa sababu sikutaka kuonekana pale. Zimefuata nyingi.

Nandagala niliokota korosho kuanzia alfajiri. Bibi alikuwa anaongea Kimwera nyumbani na Kiswahili cha mnadani kwa wageni, na kwangu alichanganya. Mchana tukipumzika chini ya mkorosho nilitoa mashine. Alinitazama siku kadhaa kabla ya kuuliza.

"Hicho unachofuga, ni nini?"

"Kenge, bibi."

"Anakula nini?"

"Hali. Anapigana tu."

Alifikiri. "Kenge wa hivyo, hata mimi namtaka," akasema. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniuliza hali ya kenge kama anavyouliza hali ya mtu.

Mtani alifika katikati ya msimu. Lori lilisimama barabarani, akashuka na mfuko wa nailoni, akaja anapiga kelele tangu mbali.

"Hodi, wachawi. Mpo?"

"Karibu, mwizi," bibi alimjibu bila kuinua kichwa. Alikuwa anatandaza korosho uani.

"Nimekuja kuiba, bibi. Niambie vilipo, nisichoke kutafuta."

"Huyo hapo. Kamchukue. Anakula sana."

Walicheka wote wawili. Mtani alikaa kwenye kigoda, akatoa vitu kwenye mfuko kimoja kimoja, kama mganga. Mashine ya dada fundi, niliijua kwa mkwaruzo wake. Waya mweusi uliokunjwa. Na kaseti ambayo sikuwahi kuiona, ya dhahabu iliyopauka.

"Haya," akasema. "Mtani asiyeamini, amini."

Redio ya bibi dirishani ilikuwa imetoka kutangaza saa tatu kamili asubuhi. Nakumbuka hilo vizuri, na nina sababu ya kulikumbuka. Jua lilikuwa limeshachoma, korosho uani zilikuwa zinatoa ile harufu yake. Mtani akapachika kaseti, akawasha, akanikabidhi.

Kwanza, haikuwa na rangi. Ilikuwa kijivu na kijani ile ile ya dimbwi.

"Rangi iko wapi?"

"Rangi inataka mashine mpya. Kaseti ina rangi, mashine hii ndiyo haina. Fundi wa Dar kanielewesha."

"Sawa," nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa sawa.

Pili, kulikuwa giza. Nyumba zilizochorwa zilikuwa nyeusi, madirisha yake yamewashwa taa, na watu wa humo walikuwa wamelala. Niliinua macho nikatazama jua. Nikarudi kutazama kioo.

"Mtani," nikasema polepole, "ulisema gemu inajua saa."

"Inajua."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tatu. Redio si imesema?"

"Saa tatu asubuhi. Na humu ni usiku wa manane. Watu wamelala."

Alichukua mashine, akaitazama, akakuna kichwa. "Hata mimi limenishangaza. Labda ni saa za huko walikoitengenezea."

"Kwa hiyo haijui saa za hapa. Ile karatasi ilisema itajua."

"Inajua. Tuliiandikia wenyewe saa, mimi na dada. Iliuliza, tukaiandikia."

"Mkaiandikia, na bado ikakosea. Nani kakuuzia hii?"

Nilikuwa nimempata. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Miezi yote ile ya kubishana na karatasi, na sasa ushahidi ulikuwa mkononi mwangu: gemu feki, iliyochongwa na wajanja wa Kariakoo, wakaipaka dhahabu, na saa yake haifanyi kazi. Nilimwambia hayo yote. Hakukasirika. Alibonyeza vitufe, akanionyesha orodha ya madude yaliyomo. La tatu lilikuwa la miguu mingi, na juu yake pameandikwa Cherehani.

"Huyu si unamjua? Dada kamhamisha wiki iliyopita. Kwa waya huu huu, na mashine niliyoazima Dar."

"Jina anaweza kuandika yeyote. Hata wewe."

"Mimi? Mimi naandika jina langu kwa taabu."

"Basi kaandika yeye. Mmepanga wote wawili."

Hapo ndipo mtani aliacha kucheka. Uso wake ulikauka, na badala ya kunituliza ulinitisha, kwa sababu mtani asipocheka ndipo unapotakiwa kujilinda. Uso ule ule mkavu ndio ulionipeleka mbio kutazama zamu za kufagia.

"Sikiliza," akasema. "Kaseti zenu zile za mitumba zina betri ndogo ndani, ya kushikilia kumbukumbu. Si hii unayoianika wewe. Nyingine, imechomelewa ndani kabisa. Fundi kaniambia za zamani zote zinakaribia kufa. Ikifa, kila kitu kinafutika. Mlete Kenge huku. Kaseti hii mpya itaishi miaka. Ukipata yako, nakurudishia."

"Atakaa kwako."

"Atakaa kwangu."

"Na wewe ni mwizi. Umesema mwenyewe ulipokuwa unaingia."

"Nimesema kwa bibi, kwa utani."

"Na hili la kifo cha betri ni la nini? Si utani?"

Aliushika waya, akauzungusha kidoleni. Naamini sasa kwamba alikuwa anatafuta namna ya kuniambia neno la kweli, na hakuwa nayo, kwa sababu katika maisha yetu yote hatukuwahi kuhitaji namna hiyo. Kila neno kati yetu lilikuwa limeshavaa utani kabla halijatoka. Bibi, ambaye hakuelewa nusu ya tuliyosema, aliinuka na ungo wake.

"Mwache aende akatembee," akaniambia. "Kenge akifungwa ndani anakufa."

"Bibi, huyu haendi kutembea. Huyu anahamishwa."

"Kwani wewe hapa si umehamishwa?"

Niliifunga mashine yangu kwenye soksi, nikaiweka chini ya paja. Mtani alikunja waya taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, akavirudisha vitu kwenye mfuko. Aliondoka na konzi mbili za korosho za bibi bila kuomba, ambayo ni haki yake, na barabarani alipiga mluzi mpaka lori lilipoondoka. Nilimsikiliza nikiwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Masika ilipoanza, asubuhi moja niliwasha mashine. Maneno ya mwanzo yalitokea kama kawaida. Kwa kawaida, chini yake huwa na mistari miwili: kuendelea, au kuanza upya. Siku ile mstari ulikuwa mmoja.

Nilizima, nikawasha. Nilitoa kaseti nikaipuliza. Niliifuta kwa kanga ya bibi. Nilibadilisha betri nikaweka mpya kabisa, nilizokwenda kuzitafuta Ruangwa mjini. Niliianika kaseti juu ya bati siku nzima, mvua ikanyesha mchana nikaikimbilia. Mstari ulikuwa mmoja. Bibi aliniuliza hali ya kenge, nikamwambia hajambo. Aliniuliza tena kesho yake, na keshokutwa, na kila mara nikamwambia hajambo. Nilikuwa nimemdanganya bibi mambo mengi, lakini hilo lilikuwa zito kuliko yote.

Nilikwenda Nachingwea barabara zilipopitika. Sikwenda kwa mtani. Nilikwenda barazani. Dada fundi sasa alikuwa na cherehani yake mwenyewe na wateja wanaosubiri zamu. Ukurasa wa tatu ulikuwa bado ukutani, umefifia. Kaseti ya dhahabu ilikuwa kwake. Mtani akiwa safarini alikuwa anamwachia.

"Kaka, umekonda," akasema. "Nandagala hakuna chakula?"

Nilimwambia kilichotokea. Aliacha kushona. Hakuniambia kwamba nilionywa. Alifungua droo, akatoa mashine, akaiwasha, akanionyesha Cherehani, mzima, miguu yote, ameongezeka nguvu. Nje ilikuwa adhuhuri, wanafunzi wanarudi nyumbani kula. Ndani ya mashine kulikuwa kunapambazuka.

"Na hii saa?" nikauliza. "Bado mbovu?"

Alicheka akafunika uso. "Siyo mbovu. Sisi ndio wabovu. Siku ile tulipoiwasha mara ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi. Ikauliza ni saa ngapi, tukaiandikia nne. Gemu ya kizungu, kaka. Nne yao ni alfajiri, kabla hata ya adhana. Tumekuja kugundua baadaye sana."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimekaa darasani nikifundishwa kwamba saa yetu tatu ni tisa yao, nikaandika ukurasa mzima wa zoezi hilo, nikapata alama zote. Nilijua kitu kimoja tu ambacho mtani hakukijua, na ndicho kitu hicho hicho kilichohitajika asubuhi ile uani kwa bibi. Nilishika gemu ya kweli mkononi, inayotembea sawasawa dakika kwa dakika, na sikukumbuka, kwa sababu sikuwa natafuta kwa nini kuna giza. Nilikuwa natafuta uongo.

"Mbona hamjaibadilisha?"

"Haibadiliki kirahisi. Tumeshazoea. Tukitaka madude ya usiku tunacheza asubuhi."

Bibi alifariki miaka michache baadaye, na mimi wakati huo nilikuwa Masasi. Nilifika Nandagala siku ya mazishi, asubuhi. Watani walikuwa wameshafika na walikuwa wanafanya kazi yao. Mtani wangu alikuwa amejifunga kanga ya marehemu kiunoni, anatembea kwa mwendo wake ule wa kuinama, anatandaza korosho za uongo uani, na akina mama waliokuwa wakilia walikuwa sasa wanalia na kucheka. Aliingia ndani, akatoka na kaseti yangu. Nilikuwa nimeiacha imetundikwa kwenye msumari kwa uzi, tangu nilipoondoka. Alikuwa ameivaa shingoni.

"Ndugu wafiwa," akasema kwa sauti ya shehe, "leo tuna misiba miwili. Marehemu wa pili ni Bwana Kenge. Amefariki saa tatu asubuhi, giza likiwa limetanda. Alifungiwa ndani na ndugu yake huyu hapa, aliyekataa asiende kutembea."

Watu hawakuelewa, lakini walicheka kwa jinsi alivyosema. Nilicheka pia. Kwa desturi, kitu alichonyakua mtani msibani unakikomboa, na mjomba alinisukuma kwa kiwiko nitoe jogoo. Nilimwambia mjomba asijisumbue, mtani abaki nayo.

Baada ya mazishi, watu wakila, nilimfuata alipokuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba, bado ameivaa kanga. Nilikuwa nimelibeba swali hilo kwa miaka.

"Siku ile," nikamwambia. "Ningekupa Kenge. Ungemrudisha?"

Alitafuna akameza. Alinitazama, uso mkavu, bila hata chembe ya kicheko.

"Nisingemrudisha," akasema.

Akanawa mikono, akainuka, akarudi kwenye watu wengine. Nilibaki pale nikimtazama mgongo, uzi wa kaseti ukiwa bado shingoni mwake, nikijaribu kujua kama ananitania. Bado najaribu.